Faili Moja, Mikono Mingi: Mwongozo Kamili wa Kuhifadhi Faili za Pamoja Bila Kufutiana Kazi

Saa tatu asubuhi mhasibu anapakua jedwali la bei kutoka folda ya pamoja. Saa tatu na dakika kumi msimamizi wa stoo anapakua jedwali hilo hilo. Mhasibu anabadilisha bei ishirini, anapakia faili yake, anaendelea na mengine. Msimamizi wa stoo, ambaye kwenye skrini yake bado zipo bei za zamani, anaongeza bidhaa tatu mpya, naye anapakia. Hakuna onyo lolote. Faili inafunguka vizuri kabisa, bidhaa mpya zinaonekana. Ila bei ishirini za mhasibu hazipo tena, na atakayegundua pengine ni mteja aliyetumiwa ankara.

Huduma za kusawazisha faili kama Dropbox huwa zinajitahidi zikigundua mgongano: zinaacha faili mbili, moja ikiwa na maneno "conflicted copy" kwenye jina lake. Hiyo ni nafuu, kwa kuwa angalau unajua kuna tatizo. Lakini bado lazima mtu akae na faili mbili ubavu kwa ubavu, atafute kilichobadilika wapi.

Dawa ya tatizo hili ni ya zamani: kabla hujahariri, unaichukua faili kwa jina lako. Seva inaandika kwamba faili iko mikononi mwako, wengine wanaruhusiwa kuisoma tu, na ukishairudisha kufuli inafunguka. Maelezo ni rahisi. Kazi iko kwenye kuamua faili zipi zifungwe, kwenye kuisimamisha kufuli yenyewe, na zaidi ya yote kwenye kujua la kufanya mtu anapoifunga faili kisha akaenda likizo.

Hatua ya 1: Chambua faili zinazohitaji kufuli

Usifunge kila kitu. Faili za maandishi matupu, kama msimbo wa programu, faili za usanidi na maelezo mafupi, hazihitaji kufuli, kwa sababu mifumo ya kutunza matoleo inaweza kuzilinganisha mstari kwa mstari na kuunganisha kazi za watu wawili. Hati zinazohaririwa moja kwa moja mtandaoni, watu wakionana wanavyoandika, nazo hazihitaji. Ukizifunga hizo, unachopata ni foleni.

Zinazohitaji ni zile zisizounganishika: picha na faili za usanifu, michoro ya ujenzi ya DWG, miradi ya video na sauti, hifadhidata za Access, na majedwali ya Excel yenye makro na fomula zinazotegemeana. Faili ya namna hii huhifadhiwa kama bonge moja. Ukisogeza ukuta mmoja kwenye mchoro, mabadiliko yanaweza kutapakaa faili nzima, na hakuna kifaa cha kawaida kitakachochukua ukuta wako na mlango wa mwenzako kikatoa mchoro mmoja sahihi.

Historia ya mifumo hii ya kutunza matoleo inaeleza jambo hili vizuri. RCS, aliyoiandika Walter Tichy katika Chuo Kikuu cha Purdue mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilitumia kufuli hata kwa msimbo: mmoja anachukua, wengine wanasubiri. CVS ikaja na msimamo wa kinyume, kila mtu ahariri kisha kazi ziunganishwe. Subversion ikaufuata mkondo huo wa kuunganisha, halafu toleo la 1.2 la mwaka 2005 likaleta kufuli, kwa sababu kuna faili ambazo hakuna ujanja wa kuziunganisha. Kufuli ni ya hizo zilizobaki, basi. Ukiilazimisha kwenye kila faili, watu wataanza kutumiana nakala kwa barua pepe ili kuikwepa, na utakuwa umerudi ulikotoka.

Ili kujua una nini hasa, tumia amri badala ya kukisia. Kwenye Linux au Mac, ingia kwenye folda ya pamoja uandike:

```
find . -type f | sed 's/.*\.//' | sort | uniq -c | sort -rn
```

Utapata orodha ya viambishi vya faili na idadi ya kila kimoja (faili zisizo na kiambishi zitaleta takataka kidogo, zipuuze). Pitia orodha hiyo na wanaozitumia, mkiulizana swali moja kwa kila aina: watu wawili wakiihariri kwa wakati mmoja, kazi zao zinaunganishika? Jibu likiwa hapana, aina hiyo inaingia kwenye kufuli.

Hatua ya 2: Chagua mahali pa kuziweka

Folda ya pamoja ya kawaida kwenye seva ya Windows au Samba (programu inayoiwezesha seva ya Linux kutoa folda za pamoja kwa kompyuta za Windows) ina ulinzi wake wa asili, na si vibaya kuujua. Word na Excel zikifungua faili huacha kijifaili kilichofichwa kinachoanza na `~$`, na LibreOffice huacha kinachoanza na `.~lock.`. Mtu wa pili akifungua anaambiwa faili inatumiwa na fulani, na anapewa ya kusoma tu. Shida ni kwamba ulinzi huu unadumu kwa muda ambao faili iko wazi kwenye programu. Ukifunga programu ukaenda kula, zamu yako imekwisha hata kama kazi hujamaliza. Programu ikizimika ghafla, kijifaili kinaweza kubaki na kuwazuia watu bure. Na programu nyingi za michoro na picha hazijali kabisa. Kwa ofisi ya watu watatu wanaotumia Word peke yake, inatosha. Zaidi ya hapo, tafuta kitu kingine.

Google Drive inayo sehemu ya kufunga faili, lakini imekusudiwa jambo tofauti: inazuia uhariri na maoni mpaka mwenye haki aifungue. Inafaa kwa hati iliyokwisha kupitishwa, si kwa kupokezana zamu.

Zinabaki njia nne ninazoziona za maana. SharePoint, kama tayari mnalipia Microsoft 365, kwa hati za ofisi. Nextcloud, kama mna seva yenu na mnataka kitu chepesi. Subversion, kwa michoro na faili kubwa ambazo historia yake ina thamani. Git LFS, nyongeza ya kutunza faili kubwa katika Git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo), kama timu tayari inaishi ndani ya Git na ina picha au modeli pembeni ya msimbo. Ukiniuliza ipi imelifikiria suala la kufuli kwa undani kuliko zote, nitakuambia Subversion bila kusita, ingawa haina mvuto kwa vijana wa siku hizi. Ndiyo maana nitaieleza kwa urefu zaidi.

Kabla hujahamia popote, gawanya faili kubwa. Kufuli inashika faili nzima, kwa hiyo jedwali lenye kurasa kumi na mbili, moja kwa kila idara, litakuwa na foleni ya watu kumi na mbili. Lipasue liwe faili kumi na mbili na moja ya kujumlisha. Michoro nayo: tenga msingi, umeme na maji katika faili tofauti zinazoitana. Kupasua huku peke yake kunaondoa sehemu kubwa ya migongano hata kabla ya kufuli ya kwanza kuwekwa.

Hatua ya 3: Washa kufuli

*SharePoint.* Fungua maktaba ya hati, bofya gia iliyo juu kulia, ingia "Library settings", halafu "More library settings", kisha "Versioning settings". Hakikisha utunzaji wa matoleo umewashwa. Shuka chini hadi "Require Check Out", chagua "Yes", hifadhi. Kuanzia hapo mtu akitaka kuhariri anabofya nukta tatu pembeni ya faili, "More", kisha "Check out". Akimaliza anachagua "Check in" na kuandika maelezo ya alichobadilisha.

Badiliko hilo linaambatana na mambo matatu ambayo usipowatangazia watu mapema, simu hazitakatika. La kwanza, kuhariri pamoja kwa wakati mmoja kunazimika ndani ya maktaba hiyo. La pili, waliosawazisha maktaba kwenye kompyuta zao kwa OneDrive watakuta faili ni za kusoma tu. La tatu ndilo linalochanganya zaidi: faili mpya inayopakiwa bila kujazwa safu za lazima inabaki imechukuliwa na aliyeipakia, na wenzake hawaioni kabisa. Yeye anaapa ameipakia jana, wao wanaapa haipo, na wote wanasema kweli. Kwa sababu hizi, usiwashe kipengele hiki kwenye maktaba kuu ya timu. Tengeneza maktaba ya pili kwa ajili ya faili za kufungwa tu, hati za kawaida ziachwe zilipo.

*Nextcloud.* Msimamizi anawasha programu ya nyongeza inayoitwa "Temporary files lock". Baada ya hapo kwenye menyu ya kila faili panatokea chaguo la kuifunga, na wengine wanaona alama ya kufuli na jina la aliyefunga. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuipa kufuli umri. Amri hii inaweka ukomo wa dakika 480, yaani saa nane:

```
occ config:app:set --value '480' files_lock lock_timeout
```

Chagua muda unaolingana na kazi ndefu zaidi ya siku moja. Ukiweka dakika thelathini, mchoraji atanyang'anywa faili akiwa katikati ya kazi, na hataijua hali hiyo mpaka atakapotaka kuhifadhi.

*Subversion.* Chukulia ghala, yaani mahali seva inapotunza faili na historia yake, tayari limeundwa kwa `svnadmin create` na kila mtu ana nakala yake ya kazi. Kufuli yenyewe ni amri moja:

```
svn lock mchoro.dwg -m "Nabadilisha vipimo vya ghorofa ya pili, narudisha kabla ya saa kumi jioni"
```

Lakini amri hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu anayesahau kufunga ataendelea kuhariri kama kawaida, na atazuiwa baadaye kabisa, wakati wa kurudisha, kazi ya siku nzima ikiwa mkononi. Hapo ndipo inapoingia sifa ya `svn:needs-lock`:

```
svn propset svn:needs-lock '*' mchoro.dwg
svn commit -m "Mchoro huu sasa unahitaji kufuli kabla ya kuhaririwa"
```

Wengine wakifanya `svn update`, faili inageuka kuwa ya kusoma tu kwenye kompyuta zao. Programu ya michoro itakataa kuihifadhi, na mhariri atakumbuka kwamba hajaifunga. Akiifunga, ruhusa ya kuandika inarudi. Hii ni hekima ya hali ya juu kwa kitu kidogo namna hii: mtu anakumbushwa kabla ya kupoteza muda wake.

Usiiweke sifa hiyo faili kwa faili. Tangu toleo la 1.8 unaweza kuiandika mara moja kwenye folda ya juu kwa sifa ya `svn:auto-props`, na kila faili mpya ya aina hiyo itakayoongezwa chini yake itaipata yenyewe:

```
svn propset svn:auto-props "*.dwg = svn:needs-lock=*" .
```

Kwa faili zilizokuwemo tangu zamani, bado utalazimika kuzipitia kwa `propset`. Jua pia kwamba kufuli ya Subversion inashika faili tu, haishiki folda. Kama watu wako hawataki kuona dirisha jeusi la amri, TortoiseSVN inayafanya haya yote kwa kubofya kulia: "Get lock", sanduku la maelezo, basi.

*Git LFS.* Andika aina ya faili na neno `--lockable`:

```
git lfs track "*.psd" --lockable
git add .gitattributes
```

Faili hizo nazo zitakuwa za kusoma tu mpaka mtu aandike `git lfs lock picha/nembo.psd`. Tofauti kubwa na Subversion ni kwamba huku kufuli haifunguki yenyewe ukisukuma kazi yako kwenye seva. Ni lazima uandike `git lfs unlock`, na watu husahau. Kumbuka pia kwamba kufuli inafuata njia ya faili bila kujali tawi (mkondo wa kazi uliotengwa na mwingine ndani ya Git): ukiifunga ukiwa kwenye tawi lako, umewafungia na walioko kwenye matawi mengine. Orodha ya zilizofungwa utaiona kwa `git lfs locks`. Seva nayo lazima iwe inaujua mfumo huu wa kufuli. GitHub na GitLab zinaujua.

Hatua ya 4: Utaratibu wa kila siku

Mpangilio ni huu, na usiuruke: funga faili, pata toleo jipya, ndipo ufungue kwenye programu. Wengi hufanya kinyume. Wanafungua faili, wanaanza kuhariri, kisha wanakumbuka kufunga. Tatizo ni kwamba kilichoko kwenye skrini yao kinaweza kuwa toleo la jana. Subversion inakulinda hapa, kwa kuwa inakataa kufunga faili ambayo kwako imepitwa na toleo la seva. Inakulazimisha ufanye `svn update` kwanza. Mifumo mingine haina uchungu huo na wewe. Pia, kama faili ilikuwa wazi kwenye programu kabla ya kufungwa, ifunge kwenye programu na uifungue upya, vinginevyo programu itaendelea kuiona kama ya kusoma tu.

Maelezo ya kufuli yana kazi. "Naedit" hayamsaidii mtu. Anayesubiri anataka kujua mambo mawili: unagusa nini, na utamaliza lini. Akijua unagusa ukurasa wa kwanza tu na utamaliza saa sita, atapanga siku yake. Asipojua, atakuja mezani kwako kila nusu saa.

Rudisha mapema na mara nyingi. Si lazima kazi nzima iishe. Kwenye Subversion, `svn commit` hufungua kufuli yenyewe, lakini ukitaka kuhifadhi hatua ya katikati na kuendelea kuishika faili, ongeza `--no-unlock`. Ukighairi bila kubadilisha kitu, `svn unlock` mara moja. Faili uliyoichukua ukaiacha ukasahau ni mbaya kuliko ambayo haina kufuli kabisa, kwa sababu inamzuia hata mwenye haraka.

Kabla ya kuondoka jioni, angalia ulichoshika. `svn status -u` inaonyesha herufi pembeni ya faili: K ni kufuli yako, O ni ya mtu mwingine, T kufuli yako imenyang'anywa na mtu, B imevunjwa. Herufi mbili za mwisho ndizo za kukutoa jasho, na tunazijia sasa.

Hatua ya 5: Kufuli zilizosahaulika

Hapa ndipo mifumo mingi ya kufuli inapofia. Mtu amefunga jedwali, ameugua, simu haipatikani, na ripoti inatakiwa leo. Kama hamkukubaliana mapema, ama mtakaa mkisubiri, ama mwenye nenosiri la msimamizi atavunja kufuli kimya kimya na kesho yake patakuwa na ugomvi.

Kubalianeni mambo haya kabla ya siku hiyo, na muyaandike: nani ana mamlaka ya kuvunja kufuli (watu wawili, asiwe mmoja, maana naye huugua), kufuli inahesabiwa imesahaulika baada ya muda gani, mwenye kufuli anatafutwa kwa njia zipi kwanza, na uvunjaji unaandikwa wapi. Mimi napendelea muda mfupi, siku moja ya kazi kwa faili nyingi, na mtu anayehitaji siku tatu aseme hivyo kwenye maelezo ya kufuli yake.

Kabla ya kuvunja, soma kufuli inasema nini. Kwenye Subversion, `svn info` kwa anwani ya faili iliyoko kwenye seva inaonyesha mwenye kufuli, saa aliyoiweka na maelezo yake. Kisha:

```
svn unlock --force https://anwani-ya-seva/ghala/mchoro.dwg
```

Ukitaka kuivunja na kuichukua wewe kwa pigo moja, ili asiingie mtu wa tatu katikati, ni `svn lock --force`. Msimamizi wa seva anaweza kuona zote kwa `svnadmin lslocks`. Kwenye Git LFS ni `git lfs unlock --force` pamoja na njia ya faili.

Kwenye SharePoint kuwa mwangalifu zaidi. Ukichagua "Discard check out" kwa faili iliyoshikwa na mwingine, mabadiliko aliyohifadhi tangu aichukue yanapotea. Faili inarudi kwenye toleo la mwisho lililorudishwa. Mtafute kwanza, na akipatikana hata kwa simu, mwombe airudishe mwenyewe au ahifadhi nakala kwenye kompyuta yake. Kwa zile faili mpya ambazo hazijawahi kurudishwa hata mara moja, ndani ya mipangilio ya maktaba kuna "Manage files which have no checked in version", ambapo msimamizi anaweza kuzichukua ziwe zake.

Halafu kuna upande ambao miongozo mingi huuacha: huyu aliyevunjiwa atakaporudi. Ana faili iliyobadilishwa kwenye kompyuta yake na hajui kilichotokea. Utaratibu wake uwe huu. Asijaribu kurudisha faili kama ilivyo. Seva makini itamkataa, na seva isiyo makini itafuta kazi ya mwenzake. Anakili faili yake pembeni kwa jina lingine, kwa mfano `mchoro-kazi-yangu.dwg`, nje ya folda ya kazi. Arudishe ya asili kwa `svn revert`, afanye `svn update`, aifunge upya, ndipo ahamishe mabadiliko yake kwa mkono kutoka ile nakala. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo sababu ya kumtumia ujumbe mara tu mnapovunja kufuli yake. Subversion inakuruhusu kuweka kwenye seva skripti ya `post-unlock`, inayoendeshwa kufuli ikishafunguliwa, itakayotuma ujumbe huo yenyewe.

Hatua ya 6: Migongano ambayo kufuli haiioni

Kufuli inalinda faili moja. Haijui kwamba faili mbili zinategemeana. Tuseme fomu ya nukuu inasoma bei kutoka safu ya D ya jedwali la bei. Mtu mmoja amefunga jedwali kwa haki kabisa, akaingiza safu mpya, na bei zikahamia E. Mwingine amefunga fomu, naye kwa haki kabisa, akaandika fomula zaidi zinazoelekea D. Wote wamefuata utaratibu, wote wamerudisha bila kikwazo, na nukuu zinatoka na tarehe mahali pa bei. Hatari ya ziada ni kwamba kwa kuwa kufuli zilikuwepo, hakuna aliyefikiria kukagua.

Tibu hili kwa kuandika, kwenye faili fupi iitwayo labda SOMA-KWANZA.txt ndani ya folda husika, ni faili zipi zinachukuliwa pamoja. Amri ya Subversion inakubali kadhaa kwa mara moja:

```
svn lock bei.xlsx nukuu.xlsx -m "Naongeza safu ya kodi"
```

Kama mnazichukua moja moja, kubalianeni mpangilio, kwa mfano wa alfabeti. La sivyo mmoja atashika bei akisubiri nukuu, mwingine atashika nukuu akisubiri bei, na mkwamo huo hautaisha mpaka mmoja aachie.

Adui mwingine ni akaunti ya pamoja. Watu watano wakiingia kwa jina moja la "ofisi", kufuli haina maana yoyote, maana mwenye kufuli ni "ofisi" na kila mmoja wao ni ofisi. Kila mtu awe na akaunti yake. Hili halina mjadala.

Anayefanya kazi bila mtandao naye anahitaji kanuni yake: afunge kabla ya kuondoka, na asihariri faili asiyoifunga hata kama kompyuta inamruhusu.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kuwaamini watu nayo

Chukua akaunti mbili za kawaida, zisiwe za msimamizi, kwenye kompyuta mbili. Funga faili kwa ya kwanza, jaribu kuifungua na kuihifadhi kwa ya pili, usome ujumbe unaotokea: je, mtu asiye fundi ataelewa? Halafu fanya utundu. Ondoa mtandao kwenye kompyuta iliyoshika kufuli. Ua programu ikiwa katikati ya kuhifadhi. Badilisha jina la faili iliyofungwa. Vunja kufuli ujione unavyomrudisha aliyevunjiwa.

Kwenye Subversion fanya na jaribio hili moja: ondoa alama ya kusoma tu kwa nguvu kwenye faili yenye `needs-lock`, ihariri bila kuifunga, kisha urudishe. Kama hakuna mwingine aliyeishika, itapokelewa! Sifa ile ni ukumbusho upande wa mtumiaji. Seva yenyewe inazuia tu pale kufuli ya mtu mwingine inapokuwepo. Kwa timu nyingi ukumbusho unatosha. Kama kwenu hautoshi, weka kwenye seva skripti ya `pre-commit`, inayoendeshwa kabla kazi haijapokelewa, inayotumia `svnlook lock` kukagua kama kila faili ya aina husika inayorudishwa imefungwa na anayeirudisha, na kukataa isipokuwa hivyo.

Kufuli pia si bakapu. Inazuia watu wawili wasigongane. Haimzuii mmoja aliyeishika kihalali kufuta ukurasa mzima kwa bahati mbaya. Hilo linatibiwa na matoleo ya zamani na nakala rudufu. Angalia mfumo wako unatunza matoleo kwa muda gani: Google Drive, kwa mfano, kwa faili zisizo za muundo wake yenyewe hutunza matoleo ya zamani kwa siku 30 au hadi matoleo 100, isipokuwa uwe umeyawekea alama yasifutwe. Kwa Subversion, jua kwamba `svnadmin dump` inabeba historia lakini haibebi kufuli wala skripti za seva, wakati `svnadmin hotcopy` inanakili ghala lenyewe pamoja na skripti zake.

Hatua ya 8: Kuhama kutoka folda ya zamani

Panga siku moja, ikiwezekana mwisho wa wiki jioni. Waombe watu wote walete nakala walizonazo: za kwenye flashi, za kwenye barua pepe, zile za "mwisho-kabisa-2". Kwa kila faili mtu mmoja anayeijua aamue ipi ndiyo sahihi. Usitegemee tarehe ya kubadilishwa peke yake, maana kunakili au kufungua na kuhifadhi bila kubadilisha kitu kunaweza kuipa nakala ya zamani tarehe mpya. Ziingize zilizochaguliwa, weka sifa za kufuli, waonyeshe watu kwa vitendo, kila mmoja afunge na kurudisha faili moja mbele yako.

Folda ya zamani igeuze iwe ya kusoma tu siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu. Na ibadilishe jina, ili njia za mkato zilizoko kwenye kompyuta za watu zigome. Aliyekuta njia ya mkato imegoma atakuja kuuliza faili zimehamia wapi. Anayeendelea kuifungua folda ile ile ya zamani ataendelea kusoma bei za mwezi uliopita bila kujua.